Kuanzia Juu ya Sikio

Kinachomrudia Rosaura ni sauti ya viganja vikisuguana. Mpiga picha za mashine wa hospitali yao pale Riobamba, Ekuado, hamgusi mgonjwa kabla ya kuvipasha moto. Siku ile alimpapasa Nayeli, bintiye Rosaura, shingo iliyokwisha pasuliwa mara mbili ikavimba tena, kisha sikio lake dogo, lililozaliwa bila tundu.

“Daktari kaandika apigwe picha ya shingo tu,” Rosaura alisema.

“Daktari hajampapasa, dada. Na wewe, malkia, usicheke, mashine ina wivu.”

Akaanzia picha juu ya sikio. Skrini ikaonyesha mfupa wa nyuma yake umelika, usaha ukishuka hadi shingoni. Akasugua viganja, ingawa hakuwa na wa kumgusa.

“Shingo haikuwa na kosa,” akanong’ona. “Usaha unatoka sikioni. Sasa watapasua penyewe.”