Namba Tatu za Kabati la Dawa

Siku moja ambayo ningependa kuisahau, mwanangu, ni ile niliyokaribia kumuua mtu kwa mdomo wangu, naye hakuwa na kosa lolote. Nakueleza leo kwa sababu jana ulikuja hapa kwangu Katoyi na daftari lako la hesabu, ukalitupa mezani, ukasema hizo habari za kupanga na kuchagua ni za kuwachosha wanafunzi tu, hazina kazi kwa mtu anayetaka kuwa muuguzi. Nililiokota tu, ukadhani nimekubali. Kumbe niliogopa, maana ndivyo nilivyokuwa nikisema mimi nikiwa na umri wako.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya uuguzi hapa Goma, nikapelekwa kwenye kituo kidogo cha afya upande wa Kalengera, kwenye barabara ya kwenda Rutshuru. Jina la kituo nitaliacha. Tulikuwa watatu chini ya Titulaire, ndivyo tunavyomwita muuguzi mkuu wa kituo. Kulikuwa na mimi, kisha Mama Vumilia, mkunga aliyezalisha karibu nusu ya watu wa pale, na Papa Bahati, zamu wetu, yaani mlinzi, mzee mrefu wa kofia ya sufu ambaye hakupenda maneno mengi.

Sasa, dawa zilikuwa zikipotea kwenye kabati. Kopo leo, kopo kesho, na hakuna aliyekiri. Titulaire akachoka, akanunua kufuli nene lisilo na ufunguo, lile lenye magurudumu madogo matatu, na kila gurudumu lina namba kuanzia sifuri hadi tisa. Halafu akatuita mmoja mmoja, akamnong'oneza kila mtu namba yake moja. Akasema yeye asipokuwepo, tukikutana sote watatu tutafungua, lakini hakuna atakayefungua peke yake. Tulimsifu sana kwa akili hiyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza namba ya nani inaanza. Yeye alikuwepo kila siku, anafungua mwenyewe, tungeuliza ya nini?

Ikafika asubuhi Titulaire aliyokwenda mji wa Kiwanja kufuata chanjo. Saa nne hivi tukasikia bunduki upande wa barabara. Zilikuwa mbali, lakini mbali ya bunduki si mbali ya kweli, wewe mwenyewe umekulia hapa unajua. Watu wakaanza kupita na magodoro kichwani, mbuzi, masufuria, watoto mgongoni. Pikipiki hazikuwa zinarudi tena kutoka Kiwanja. Simu wakati ule tulikuwa tunazisikia tu. Nilitaka kukimbia, sikufichi. Nilikuwa nimeshavua koti langu jeupe nilipowaona wanaume watatu wanaingia na machela ya miti, mume wa Nyota na kaka zake wawili, na juu ya machela Nyota mwenyewe, mama mjamzito wa pale, akilia kwa uchungu.

Alijifungua haraka, mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Kondo la nyuma likatoka. Tukashukuru Mungu mapema mno, kwa sababu damu haikukoma. Ilijaza kitambaa cha kwanza, cha pili, ikashuka kwenye saruji hadi kwenye viatu vyangu. Mama Vumilia akaweka mkono juu ya tumbo la Nyota akaanza kulikanda kwa nguvu, akaniambia nilete sindano ya kukaza kizazi. Sindano ilikuwa ndani ya kabati. Kabati lilikuwa chumba cha pili, mlango wa chumba uko wazi, lakini kabati limefungwa kwa lile kufuli.

Nikampigia kelele Papa Bahati aje. Akasema yake ni tano. Yangu ilikuwa saba. Mama Vumilia hakuweza kuondoa mkono kwenye tumbo lile hata dakika moja, akatuambia kutoka kitandani kwamba yake ni mbili. Haya, nikaweka saba, tano, mbili. Nikavuta. Hapana. Nikaweka tano, saba, mbili. Hapana. Nikazungusha tena, sijui nini, nikavuta, nikazungusha. Papa Bahati akachukua jiwe jeusi la volkano akalipiga lile kufuli mara tatu. Jiwe likapasuka, kufuli likabaki vilevile.

Mwanangu, hofu inakuja na mtu wa kulaumiwa mkononi. Nilimtazama yule mzee, na moyo wangu ukaniambia: huyu ndiye. Huyu ndiye mwizi wa dawa, ametutajia namba ya uongo ili tusione kabati limebaki tupu. Sikujiuliza mara mbili. Nikapaza sauti, nikamwambia umetudanganya Papa Bahati, namba yako si tano, dawa ni wewe unayeziuza, na huyu mama atakufa mikononi mwako.

Akaapa kwa vichwa vya watoto wake. Mimi nikazidi kupaza sauti. Nikamwona mume wa Nyota ananyanyuka pale kwenye nyasi nje ya dirisha, na kaka zake nyuma yake, mmoja ameshika panga alilokatia miti ya machela. Siku kama ile, barabara imejaa watu waliokata tamaa, bunduki zinalia, nani angeuliza ushahidi? Nililiona lile panga, mwanangu, na bado sikufunga mdomo.

Ndipo Mama Vumilia akaniita. Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi.

"Furaha, umejaribu ngapi?"

"Nyingi, mama."

"Nyingi ni ngapi?"

Sikujua. Wallahi sikujua. Miaka yote ya shule, na sikuweza kumwambia mkunga aliyesoma darasa la tano ni mara ngapi nimezungusha magurudumu matatu.

"Unarudia zile zile," akasema. "Shika chaki, andika mulangoni. Weka yako mbele, saba. Zinabaki mbili na tano, zitakaa namna ngapi?"

"Mbili."

"Andika zote mbili. Halafu weka ya Papa Bahati mbele, namna mbili tena. Halafu yangu. Zote ni sita, mutoto wangu, haziwezi kuzidi. Ukijaribu moja, ikate. Zikiisha sita zote, hapo ndipo utamushitaki mutu."

Nikaandika juu ya mlango wa bluu wa kabati, mwandiko wangu unapanda na kushuka. Saba mbili tano, saba tano mbili. Tano mbili saba, tano saba mbili. Mbili saba tano, mbili tano saba. Nilipoziona pale, sita tu, zimesimama mbele yangu, pumzi ilinirudia. Kumbe kichwani mwangu zilikuwa elfu. Na kweli, kama tusingekuwa na namba zetu, zingekuwa elfu moja kamili, kumi mara kumi mara kumi, na Nyota angekufa mimi bado nazungusha. Lakini namba tulikuwa nazo. Tulichokosa ni mpangilio tu.

Nikajaribu ya kwanza, nikaikata. Ya pili, nikaikata. Damu nilikuwa naisikia ikidondoka, tone, tone, na nyuma yangu Papa Bahati anasali kwa Kihunde, lugha ya kwao. Ya tatu hapana. Ya nne hapana. Hapo nikaanza kuogopa upya, kwa sababu zilibaki mbili, na zikishindikana zote, basi mmoja wetu ni mwongo kweli na panga liko dirishani. Nikaweka mbili mbele, namba ya Mama Vumilia. Mbili, saba, tano. Kufuli likafunguka mkononi mwangu.

Unajua kwa nini sikuwa nimeipata? Muda wote ule nilikuwa naanza na yangu au na ya yule mzee niliyemshuku. Ya mkunga sikuiweka mbele hata mara moja, kwa sababu hakuwa mbele ya macho yangu. Ndivyo hofu inavyohesabu, inarudia inachokiona.

Nyota aliishi. Tulimchoma sindano, tukamkanda, damu ikapungua hadi ikakoma, na mchana ulipogeuka akafungua macho, akaomba maji. Mume wake aliweka panga chini, akaja kumshika mkono Papa Bahati. Mimi nilikaa sakafuni karibu na kabati.

Siku ya tatu barabara ikatulia na Titulaire akarudi. Papa Bahati akamwendea, akavua kofia, akamwomba ile namba yake apewe mtu mwingine. Nikamfuata nje. Nikapiga magoti kwenye majani, nikamwomba radhi, na machozi yangu yalikuwa ya kweli. Aliniinua.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini mutoto wangu, bunduki zile ziliniogopesha kidogo. Wewe uliniogopesha sana."

Mzee yule ameshakufa kitandani mwake, na wajukuu zake wakamzika. Nilikwenda mazishini. Nilipokuwa nikitupa udongo wangu, nilimwomba radhi mara ya pili.

Basi lishike lile daftari, mwanangu. Likikupa hesabu, usikimbilie kuzidisha. Uliza kwanza kama mpangilio una maana au hauna. Kwenye kufuli una maana, saba tano mbili si mbili saba tano, kwa hiyo namba tatu zilitupa njia sita. Lakini kama Titulaire angetaka wawili kati yetu watatu waende kuchota maji, zingekuwa njia tatu tu: mimi na Papa Bahati, mimi na Mama Vumilia, au wao wawili. Ukisema Papa Bahati na mimi, hujaongeza kitu, ni ndoo zilezile kwa watu walewale. Ukishajua ni hesabu ipi kati ya hizo mbili, andika njia moja moja, kata uliyojaribu, na usiseme nyingi kabla hujajua ni ngapi. Na usimwite mtu mwongo wakati bado una mistari miwili hujaijaribu. Mimi nilifanya hivyo, na iliwezekana kabisa Papa Bahati akafa mchana ule kwa sababu nilikuwa mvivu wa kuhesabu hadi sita.

Haya, nenda. Mungu akupe mkono mtulivu siku ambayo maisha ya mtu yatakungojea, akuwekee karibu mtu wa kukuuliza ngapi, na asiruhusu hofu yako iwahi kupata mtu wa kumla.