Rejeta ya Mwendo wa Miguu

Mama yangu alikuwa na ombi moja, na alilirudia mpaka likatuchosha: akifa, asiingizwe nyumbani kimya. Katika kanisa letu la watu wa Kivu ya Kusini, pale Rubondo kwenye kambi ya wakimbizi, maiti haifikishwi mlangoni kwa mwendo wa gari. Kwaya hutoka kumpokea marehemu kwenye njia panda ya kwenda Rugaaga, hutangulia ikiimba, na gari hufuata nyuma kwa mwendo wa miguu hadi nyumbani. Baba hakuyapata hayo. Alitufia njiani tulipokuwa tunakimbia vita mwaka 1996, tukamzika kando ya njia bila wimbo hata mmoja, kwa sababu kuimba kungetufichua. Mama alijiziba mdomo kwa kitenge asisikike akilia. Tangu siku hiyo kimya kilimtisha kuliko kifo chenyewe.

Kwa hiyo miaka mingi baadaye, alipovimba miguu na daktari wa Mbarara akatuambia moyo wake umechoka, sisi wanawe wawili tuliligeukia gari. Lilikuwa la kaka yangu, stesheni wagoni kuukuu la Kijapani lenye turbo. Wiki nzima lilibeba mahindi kwenda Mbarara, na ukitokea msiba wowote Rubondo tulilaza viti vya nyuma likaleta maiti kutoka hospitali. Mimi nilikuwa fundi katika gereji moja ng'ambo ya mto Rwizi, upande wa Nyamitanga. Tabia za gari lile nilizijua zote, na nyingi zilikuwa mbaya.

Turbo husukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu, na hewa ikisukumwa hivyo hupata moto. Magari mengi huipoza kwa upepo. Hili liliipoza kwa maji, na maji hayo yana njia yake, pampu yake, na rejeta yake ndogo inayokaa mbele kabisa, mbele ya rejeta kubwa ya injini. Ile ndogo ilikuwa imeoza. Injini ikawa inagonga kila tukipanda milima ya Isingiro, mlio wa kukera roho, na kwa mzigo wa mtu mgonjwa haikufaa hata kidogo. Ilibidi tuchague nyingine.

Kwa muuza spea za mitumba pale Mbarara zilikuwepo mbili. Moja ilikuwa nene kama tofali. Nyingine ilikuwa pana, nyembamba, ukiishika unaona mwanga upande wa pili.

"Hii iko nguvu sana, ssebo," muuzaji alimwambia kaka kwa heshima, akiigonga ile nene. "Ile ingine iko kama karatasi."

"Hii munene itakula upepo yote," nikasema. "Ile kubwa ya nyuma itapumua nini?"

"Wewe unaogopaka kila kitu," kaka akanijibu. "Mama iko nyuma, milima iko mingi. Tunabeba ya nguvu."

Gari lilikuwa lake, na yeye ni mkubwa wangu, nikaifunga. Nilinuna tangu daraja la Rwizi mpaka Rubondo. Mimi ni mtu wa kununa, sikatai. Lakini milima tuliipanda bila injini kugonga hata mara moja, na kaka alipiga mluzi njia nzima ili nisikie.

Mama alikuwa kiti cha nyuma, tunamrudisha kutoka hospitali. Tulipomshusha aliliangalia gari muda mrefu, akiegemea fimbo yake.

"Inapanda vizuri," alisema. "Lakini siku yangu haitapanda. Itatembea. Mi natangulia, munifwate polepole. Njo vile kwaya batatembea."

"Mama, wacha mambo ya matanga," kaka alimsihi. "Uko muzima."

"Sasa nikisha kufa, nitapima namna gani?"

Basi akatangulia. Majirani walitoka nje kutazama, wengine wakidhani mgonjwa amechanganyikiwa. Mama yangu mwenyewe, na miguu yake iliyovimba, alitembea mbele ya gari akiimba kwa sauti ndogo, na sisi wanawe tukamfuata kwa gia ya kwanza kama tunamsindikiza kaburini. Sijawahi kushikwa na aibu na huzuni pamoja namna ile. Mshale wa joto ulianza kupanda. Kwenye lami upepo unakuja wenyewe, lakini kwa mwendo wa miguu upepo hakuna, na kidogo ambacho feni ya injini ilivuta kiliishia kwenye lile tofali la mbele. Tulipofika kisima cha pampu gari likachemsha, mvuke ukatoka chini ya boneti.

Mama akageuka. "Hapa," alisema. "Hapa njo mungeniacha."

Kaka alizima gari akabaki na mikono kwenye usukani. Mimi niliyekuwa nimesema kweli sikuona raha yoyote.

Tulirudi Mbarara tukaichukua ile nyembamba. Niliifunga nikiacha nafasi kati yake na rejeta kubwa, nikaiwekea feni yake ndogo, nikaiunga moja kwa moja kwenye betri na swichi yake chini ya dashibodi. Lakini safari hii mama hakuweza kututangulia. Miguu ilikuwa imekataa.

"Itafika?" aliniuliza kitandani.

"Itafika, mama." Nilisema kwa nguvu zote, na sikuwa na hakika.

Alifia Mbarara wakati wa jua kali. Tulipofika njia panda kwaya ilikuwa imesimama inatungoja. Wakatangulia. Kaka aliweka gia ya kwanza, mimi kando yake, mama nyuma yetu. Nilikazia macho mshale. Ulipanda kidogo, ukasimama. Tulipita pale kisimani, wanawake wakaweka madumu chini, na mshale haukutikisika. Nilihesabu kila tuta na kila shimo moyoni, nikiuomba ule mshale kama watu wanavyomwomba Mungu. Ukabaki katikati mpaka mlangoni.

Kaka alizima injini. Feni ndogo iliendelea kuvuma, nikainama nikaizima. Ndipo nikawasikia. Walikuwa wanaimba, sauti zimekauka kwa vumbi, wengine wanalia humo humo ndani ya wimbo, nao walikuwa wanafikia ubeti wa mwisho.

"Banaanza sasa?" nilimuuliza kaka.

Aliniangalia, machozi yakimshuka bila kuyafuta.

"Banaimba tangu ku njia panda," alisema. "Wewe ulikuwa fasi gani?"