Njaa Katika Wilaya ya Kijani

Msichana alianguka tukiwa katikati ya wimbo wa taifa. Alikuwa wa darasa la pili, darasa langu, na nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwake, lakini sikuwahi kumdaka. Wenzake waliendelea kuimba huku wakimtazama kwa pembe za macho, maana tulikuwa tumewafundisha kwamba wimbo ule haukatizwi kwa lolote.

Nilimbeba nikamlaza kando ya ukuta wa darasa. Alikuwa mwepesi hata nikaogopa kumbana. Mdomoni alikuwa na kitu anakitafuna. Nilikitoa kwa kidole nikaona ni kipande cha ngozi ya ng'ombe, kimechomwa motoni na kukatwa kidogo ili mtoto apate cha kutafuna njiani. Alipofumbua macho, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kunyoosha mkono nimrudishie.

Nilimrudishia. Halafu nikaenda nyuma ya choo cha walimu nikasimama huko mpaka kengele ilipolia.

Hiyo ilikuwa miaka michache tu baada ya Uhuru. Nilikuwa mwalimu ambaye hajapitia chuo, katika shule ya kuta za udongo kwenye miteremko ya chini ya Ndanai. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la chai ng'ambo ya Kericho, nami nilibaki na binti yetu, ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka miwili. Mvua ilikuwa imetukimbia misimu miwili. Msimu wa kwanza mahindi yalitoa maua yakanyauka. Wa pili, viwavi vilishuka vikamaliza wimbi na majani yote ya malisho, ng'ombe wakaanza kuanguka mmoja mmoja. Mursik, maziwa ya kibuyu tuliyokuwa tukinywa bila hata kushukuru, yakawa kitu cha kuhadithia watoto.

Na juu yetu, kwa umbali wa nusu siku tu kwa lori, nchi ilikuwa ya kijani. Wakati huo Bomet, Sotik na sisi sote tulihesabiwa katika wilaya moja ya Kericho, na Kericho mjini mvua ilinyesha karibu kila alasiri. Mgeni aliyepita barabarani aliona chai tu, vilima kwa vilima, akaenda zake akisema nchi ile imebarikiwa. Mtu akitaja njaa katika wilaya ile, watu wa mbali walicheka.

Mimi sikuwa miongoni mwa waliokuwa wakifa. Mume wangu alipewa posho ya unga kule shambani, na nusu yake aliniletea. Nilipika mlango ukiwa umefungwa, nikaweka gunia chini yake ili harufu isitoke nje. Naona aibu kuandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa. Niliogopa jirani asije akabisha hodi wakati ugali uko mwikoni. Kisha majirani walipoacha kabisa kubisha hodi, nikaogopa zaidi. Asubuhi nilikuwa nikimpeleka binti yangu kwenye mwanga na kuangalia nywele zake kama zimeanza kuwa nyekundu, maana nilikuwa nimeona nywele za watoto wa darasani zikigeuka hivyo, na baada ya nywele, miguu kuvimba.

Hakuna aliyesema. Tulikuwa na sababu. Katika baraza moja, chifu alisimama akatangaza kwamba kwenye lokesheni yake hakuna njaa, kuna uvivu. Mjane mmoja aliinuka, akaomba kwa adabu kama serikali ingeweza kutuletea mahindi, kwa kuwa alisikia wilaya nyingine zimeletewa. Chifu alimwambia huo ni uchochezi. Askari wawili walimchukua, akakaa siku mbili kwenye kambi ya chifu akifyeka nyasi, na aliporudi hakuzungumza tena mbele za watu. Siku ile ya baraza sote tulitazama chini. Mimi pia nilitazama chini, na chifu huyo alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mama yangu wa tumbo moja. Kwetu mjomba anaogopwa kuliko baba. Tulilelewa tukijua kwamba laana ya mjomba haina wa kuiondoa.

Yule msichana aliyeanguka alikosa shule siku iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Siku ya nne nilikwenda kwao baada ya masomo. Nilimkuta amelala juu ya ngozi, macho wazi. Mama yake alikuwa akichemsha mizizi ambayo hata sikuijua jina. Nyuma ya ghala niliona udongo uliochimbwa karibuni, rundo fupi, nikajua halikuwa la mtu mzima. Alikuwa ndugu yake mdogo, mtoto wa kubebwa.

Niliuliza alikuwa anaumwa nini. Yule mama alitazama mlangoni kwanza.

"Tumesema ni malaria," akanijibu. "Mwalimu, tafadhali, usimwambie chifu vingine."

Nilirudi nyumbani nikijua siwezi kunyamaza tena, na sikuona fahari yoyote katika kujua hivyo. Niliona tu kwamba imefika mahali ambapo hata kifo kinalazimishwa kudanganya, na kwamba kutoka kwenye lile rundo la udongo hadi kwa binti yangu hapakuwa mbali.

Nilimwendea mwalimu mkuu. Alikuwa Mkristo mpole kutoka upande wa Kisii, mtu ambaye hakuwahi kumchapa mtoto. Nilimwambia nataka kupeleka rejista ya shule kwa wakubwa wa wilaya, waone wenyewe watoto walivyotoweka. Akasema yeye ni mgeni hapa, na akiandika neno, watu watasema mgeni amekuja kuwatukana. Hangeweza kutia sahihi. Lakini Jumatatu asubuhi aliniambia ameisahau rejista mezani, na kwamba hataitafuta mpaka Alhamisi.

Binti yangu nilimwacha kwa mama mkwe. Nilipanda lori lililokuwa likichukua makopo ya maziwa ya wazungu wa Sotik waliobaki. Nilikaa kati ya makopo, rejista imefungwa tumboni kwa leso, na kila lori liliposimama nilidhani ni askari. Tulipoanza kupanda kuingia kwenye chai, baridi ikatupiga na manyunyu yakaanza. Nilinyoosha kiganja nikanywa maji yale ya mvua nikalia. Nilikuwa nimesahau yanavyonukia.

Kesho yake, kwenye ofisi za wilaya, niliketi kwenye benchi tangu asubuhi mpaka baada ya chakula cha mchana. Mara mbili niliinuka nikafika kwenye lango. Mara ya pili karani aliniuliza kama nimepotea njia, na nikaona haya, nikarudi.

Afisa aliyeniita ndani alikuwa kijana, kanizidi miaka michache tu. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuuliza jina langu, jina la shule, na jina la mume wangu na shamba analofanyia kazi. Aliandika yote kwa mwandiko mzuri. Nilipoona jina la mume wangu likiingia kwenye karatasi ile, nilijuta kulitaja. Nikafikiri, sasa nimemfukuzisha kazi, na ile nusu ya posho imekwisha.

Nilimweleza, lakini nilieleza vibaya. Nilianza na viwavi, nikaruka kwenye ng'ombe, nikarudi kwenye mvua. Alisikiliza, kisha akageuza kiti chake dirishani. Chai ilikuwa inang'aa kwa mvua mpaka upeo wa macho.

"Mwalimu," akasema, bila ukali, "nikiandika Nairobi kwamba hapa kuna njaa, nani ataniamini?"

Nilifungua rejista nikaanza kusoma. Nilisoma jina la kila mtoto wa darasa la pili, na baada ya kila jina nikasema alipo: yuko shuleni, yuko shuleni lakini miguu imevimba, amepelekwa kwa ndugu Kipkelion, hajulikani aliko, amezikwa. Nilipofika nusu ya ukurasa alinizuia kwa mkono, akaondoka, akarudi na faili.

Alinionyesha barua. Nilijua mwandiko kabla ya kuona muhuri, maana mjomba wangu ndiye aliyenifundisha kushika kalamu. Ilisema lokesheni yake ina chakula cha kutosha mpaka mavuno.

Yule afisa alinieleza jambo ambalo sikulijua, na ambalo limeniongoza maisha yangu yote. Mahindi ya msaada hayaanguki tu kutoka mbinguni. Kuna fungu ambalo serikali imeliweka kwa ajili ya njaa, kila wilaya inalililia, na asiyeomba kwa karatasi hapati. Yeye hawezi kuomba kwa neno la mwalimu mmoja wakati chifu ameandika kinyume. Maombi yalikuwa yanakwenda Nairobi Ijumaa. "Niletee barua nyingine ya chifu," akasema, "na hiyo rejista nitaiambatanisha. Bila barua ya chifu, mama, sina la kufanya."

Kwa hiyo Jumatano alasiri nilikuwa nimesimama mbele ya kambi ya chifu. Nimeogopa mambo mengi maishani. Nimeogopa uzazi, nimeogopa upasuaji. Hakuna kilichofanana na mwendo ule mfupi kutoka langoni hadi kwenye kiti chake. Askari walewale waliomchukua mjane walikuwa wameketi kwenye gogo, na nilipopita mmoja alisimama.

Mjomba aliwatuma wakachote maji. Walipoondoka nilimwambia yote kwa mkupuo, ofisi, barua, Ijumaa. Niliongea nikitazama viatu vyake. Alipojibu, alijibu polepole.

"Mtoto wa dada yangu, umenipeleka Kericho kunishtaki?"

"Nimewapeleka watoto, Mjomba. Wewe sikukutaja."

Aliinuka. Nilifunga macho, nikingoja yale maneno ambayo hayaondolewi. Badala yake nilisikia akinishika kiwiko. Aliniongoza nyuma ya nyumba yake mpaka kwenye ghala, akafungua kifuniko, akaniambia nichungulie. Chini kulikuwa na magunzi na vumbi la panya.

Alisema limekuwa hivyo tangu mwezi uliopita. Alisema kwamba kabla yake kulikuwa na chifu aliyepeleka habari za njaa, akaambiwa ameshindwa kuwahimiza watu wake kulima, na kabla ya mwaka kuisha alikuwa raia wa kawaida. Yeye alikuwa na wake wawili, watoto tisa, na mama yake, yaani nyanya yangu, ambaye alikuwa anaficha chakula chake chini ya ngozi ya kulalia ili awape wajukuu. "Unadhani silali nikifikiri?" akaniuliza. Wakati huo ndipo nilimtazama usoni, nikaona kwamba yule mtu niliyemwogopa kwa miaka yote ile alikuwa anaogopa kama mimi.

Tulirudi mezani. Alishika kalamu, akaiweka. Aliniambia niandike mimi. Niliandika kile alichonitajia, na kwa mara ya kwanza neno njaa liliandikwa kwenye karatasi ya lokesheni yetu. Alipiga muhuri. Kabla hajaniachia ile karatasi akasema, "Likizuka jambo, nitasema uliandika wewe." Nikamjibu sawa, Mjomba.

Barua ilifika Kericho Alhamisi jioni, mkononi mwa dereva wa maziwa. Baada ya hapo zilipita wiki nyingi za kungoja, na zilikuwa mbaya kuliko zote. Kila gari lililosimama nilidhani limekuja kunichukua mimi. Mume wangu alituma habari kwamba watu wawili wamemuuliza mke wake ni wa chama gani. Nililala nimevaa nguo za kutoka.

Lori lililokuja lilikuwa la mahindi. Yalikuwa mahindi ya njano, ya ng'ambo, yana harufu ya gunia, na ugali wake ulikuwa unaganda kama sabuni. Wazee walinung'unika kwamba ni chakula cha kuku. Watu waliumwa na matumbo. Walikula. Yule msichana wangu alikula, akarudi darasani baada ya likizo, kichwa kimenyolewa, na akaanza upya kujifunza kuandika. Watoto sita wa rejista ile hawakurudi. Watatu kati yao nilijua walikozikwa.

Mjomba alistaafishwa mwaka uliofuata. Hakusema niliandika mimi. Lakini mpaka alipofariki hakula tena nyumbani kwangu, na mimi sikuwahi kumuuliza sababu, kwa hofu kwamba angenitajia.

Katika miaka ya sabini nilichaguliwa kwenye kamati ya maendeleo, mwanamke pekee kati ya wanaume wa makoti. Kila mwaka nilisimama nikasema jambo lilelile: fungu la njaa litengwe mapema, mahindi yawekwe karibu na watu kabla ya kiangazi, kwa sababu karatasi hutembea polepole kuliko kifo cha mtoto. Kila mwaka, kabla ya kusimama, viganja vilitoka jasho, na nilitafuta kwa macho mlango uko wapi. Mara nyingi mwenyekiti alisema kamati italiangalia jambo hilo. Mwaka mmoja walikubali, ghala la mabati likajengwa kwenye soko letu na likajazwa. Kiangazi kilipofika hakuna aliyezikwa kwa jina la malaria. Mwaka uliofuata nilikwenda kuliangalia ghala, nikakuta limewekwa saruji ya kujengea ofisi. Nilirudi nyumbani, nikachukua kalamu, nikaanza barua nyingine.