Siku za Glasi, Siku za Kidonge

Fundi wa makochi tuliyemwita Sponji hakuwahi kunywa pombe na kumeza kidonge siku moja. Alijisifia hilo moyoni. Siku ya glasi aliacha kidonge, siku ya kidonge aliacha glasi. Kwa miaka tisa aliamini kwamba vitu hivyo viwili vikikutana tumboni vitamuua. Siku za glasi zikazidi, na vidonge vyake vya virusi vya UKIMWI vikabaki. Hakuvitupa, maana vitu vya hospitali havitupwi ovyo. Alivifunga kwenye vitambaa akavishonea ndani ya makochi ya watu, chini ya sponji, kisha akaenda kliniki na kopo tupu kama mgonjwa mtiifu.

Dada yake mkubwa, aliyempokea Sponji ndoa yake ilipovunjika, aliona kopo likiisha kila mwezi akatulia. Damu ndiyo iliyosema.

"Virusi vimepanda," mshauri wa kliniki alimwambia. Alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. "Tutapima tena baada ya miezi mitatu. Visiposhuka, tutakuhamishia dawa nyingine, na baada ya hiyo sina orodha ndefu."

"Lakini sichanganyi, mama. Haki ya Mungu sichanganyi."

"Huchanganyi nini?"

Alipoeleza, yule mama alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Pombe inakudhuru, sikatai," alisema mwishowe. "Lakini kuacha kidonge kunakudhuru zaidi. Umelewa, hujalewa, meza. Halafu njoo Jumanne tuizungumzie hiyo pombe."

Jumanne walikuwa watu saba katika chumba chenye mizani ya watoto na madirisha yasiyofunguka. Kazi ya kwanza ilikuwa kuandika kila glasi, saa yake, na nani alikuwepo. Baada ya wiki moja daftari la Sponji lilionyesha jambo ambalo hakuwahi kuliona: karibu glasi zote zilianguka kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, kazi ikiisha na mikono ikibaki bila nyundo. Saa hizo hakuweza kutulia. Alizunguka karakana, akaokota misumari iliyopinda, akatoka, akarudi, akasahau alichorudia.

"Hamu haidumu," mshauri aliwaambia. "Inapanda, kisha inashuka. Nusu saa hivi. Tafuta la kufanya hiyo nusu saa."

"Nusu saa yangu mimi ina masaa mawili," akasema mama mmoja muuza mitumba. Wakacheka wote.

Kazi ya pili ilikuwa kukataa. Walifanya mazoezi wawili wawili, na muuza mitumba akawa rafiki mlevi. Aliimudu nafasi hiyo.

"Moja tu, Sponji."

"Tumbo linaniuma."

"Hii ndiyo dawa yenyewe."

"Nina safari asubuhi."

"Basi ya kukuaga!"

"Dada yangu atagomba."

"Kumbe umeolewa na dada yako?"

Watu wakavunjika mbavu. Mshauri alingoja wanyamaze.

"Kila sababu unayompa ni mpini, anakushika hapo hapo. Sema 'sinywi leo', kisha nyamaza."

"Ninyamaze tu? Atanionaje?"

"Ataona hunywi."

Sasa, karakanani kulikuwa na mazoea yao. Seti ya makochi ikikamilika, kabla mteja hajaichukua, mafundi waliikalia wakanywa, eti kochi lisilokaliwa na fundi wake huvunjika mapema. Seremala, aliyechonga fremu, alishika mazoea hayo kama dini. Seti kubwa ilipokamilika wiki ya tano, Sponji alikuwa na siku kumi na moja bila glasi.

"Sinywi leo," alisema, akanyamaza. Akahesabu moyoni. Moja, mbili, tatu, nne. Tano ikamshinda. "Nimemeza dawa ya jino."

"Jino lipi?" Seremala aliuliza huku akimimina. "Fungua mdomo tulisuuze."

Akanywa tatu.

Alifika nyumbani saa yake ya kidonge ikiwa imewadia. Alisimama jikoni, kidonge kiganjani, akanusa pumzi yake mwenyewe. Hofu ya miaka tisa haifutwi na maneno ya siku moja.

"Dada! Nimekunywa, na nataka kumeza hii. Kaa hapa unitazame."

"Nikutazame nini?"

"Kama nitaanguka."

Dada alikiangalia kidonge, kisha akamwangalia mdogo wake. "Kwani siku zote ukinywa ulikuwa humezi?"

Dada akavuta kiti, akakaa. "Meza."

Akameza. Robo saa ikapita, kisha nyingine. Hakuanguka. Dada ndiye aliyelia. "Mjinga we," alisema, akimpiga begani kwa kofi lisilo na nguvu. "Miaka yote hiyo unanionyesha kopo tupu!"

Tangu siku hiyo alimeza kila jioni, mbele ya dada, hata zile jioni nne nyingine alizorudi amekunywa. Zote aliziandika.

Seti iliyofuata ilikamilika wiki ya kumi.

"Sinywi leo."

Seremala alingoja sababu. Haikuja. "Umeokoka?"

Kimya.

"Unaumwa?"

Kimya.

"Au umetuona sisi takataka?"

Hapo Sponji alikaribia kusema yote. Akakaa kwenye kochi mikono mitupu, akainuka, akaanza kukaza vifungo vya kochi vilivyokwisha kukazwa. Seremala alikunywa peke yake, na kwa siku mbili hakumsemesha. Kimya hicho kilimchoma kuliko hamu yoyote.

Miezi mitatu ilipotimia wakampima.

"Vimeshuka," mshauri alisema. "Havijaisha kushuka, lakini dawa hatubadilishi. Tutapima tena baada ya miezi mitatu."

"Mitatu mingine?"

"Na baada ya hiyo, mingine."

"Nilidhani huu mtihani una mwisho, mama."

Mshauri hakumdanganya kwamba unao. Sponji alisimama, akakaa, akasimama tena. Aliuliza kama kikundi cha Jumanne bado kipo. Kipo. Akatoka bila kuaga, akarudi kutoka mlangoni kumpa mkono, akaushika muda mrefu, kisha akaondoka kwa haraka kama mtu aliyechelewa.