Alipiga kelele "maji yanakuja", wakashuka na ndoo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Filomena Kornelio ameinama kwenye kioski chake cha maji huko Goba, pembezoni mwa Dar es Salaam. Ameweka kiganja chini ya bomba, anasubiri. Bomba linakohoa mara mbili. Linatoa hewa, linatema maji yenye kutu, kisha maji meupe yanaanza kutiririka.

Leo ni siku ya tatu tangu yatoke mara ya mwisho. Mtu mwingine angeshapiga kelele. Filomena hapigi. Anachukua fimbo na kugonga dumu tupu la njano lililoning'inia ukutani. Ko, ko, ko. Anapumzika, anagonga tena.

Huko juu mlimani milango inafunguka. Wanawake wanateremka na ndoo, wengine bado wamejifunga khanga za kulalia.

"Shikamoo Mama Brightson!"

"Marahaba mwanangu. Leo yana nguvu, msigombane."

Anampokea kila mmoja ndoo yake, anaisuuza kidogo kabla ya kuijaza, na mjamzito anamtanguliza bila kuulizwa. Mdomo wake hauishi maneno. Lakini kuna maneno mawili ambayo hajayatamka tangu masika ya mwaka juzi, nayo ndiyo yaliyomfanya ajulikane mtaani: "Maji yamekuja!"

Kwa miaka kumi na moja ilikuwa ndiyo kazi ya sauti yake. Maji hapa hutoka kwa mgawo, wakati mwingine mara mbili kwa wiki, na hakuna ajuaye saa. Filomena, mjane wa miaka arobaini na tisa aliyekuja mjini kutoka Makete akiwa msichana, alikuwa akikaa pale bondeni kutwa nzima. Yakitoka tu, anasimama, anaweka mikono mdomoni, anaita.

"Sie tulikuwaga tunaamka kwa sauti yake," anasema Gibson, fundi umeme anayeishi nyumba ya tatu kutoka bondeni. "Mke wangu alikuwa anaruka na ndoo mkononi kabla hajafumbua macho. Mara moja alibeba ndoo yenye nguo zangu za kazi, akaenda nazo mpaka kwa Mama Brightson."

Kioski kiko chini kabisa ya mteremko, hatua kama kumi na tano kutoka kwenye kijito. Kiliwekwa hapo kwa sababu bomba kubwa linapita hapo. Kijito chenyewe, miezi mingi ya mwaka, ni mchanga mtupu. Watu wanakivuka na kandambili, kuku wanachakura ndani yake. Hakuna aliyekiogopa.

Asubuhi moja ya Aprili mwaka juzi, anakumbuka Filomena, pale bondeni palikuwa na manyunyu tu. Hata mwavuli hakufungua. Upande wa vilima, mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni na radi zilikuwa zikipiga bila kupumzika. Mvua ilikuwa ikinyesha huko, si kwake.

Maji ya bomba hayakuwa yametoka kwa siku nne. Ndoo zilikuwa zimepangwa milangoni, tupu, zinasubiri sauti yake.

Mnamo saa tatu alisikia ngurumo isiyokatika. Alidhani ni lori la mawe limewashwa barabarani. Akageuka kutazama, akaona mgomba mzima unakuja juu ya mchanga, umesimama wima, na nyuma yake kitu cha rangi ya chai ya maziwa kimejaa kijito ukingo kwa ukingo.

"Nilisema moyoni, mgomba unatembea," anasimulia. "Wallahi, kwanza niliona mgomba. Maji niliyaona baadaye."

Hakuchukua hata pochi yake. Alipanda mlima mbio, akapiga kelele kwa nguvu zote alizojaliwa.

"Maji! Maji yanakuja! Jamani, majiii!"

Hapo anaposimulia, Filomena hukunja pembe ya khanga, hukunjua, hukunja tena.

Milango ilifunguka. Watu walitoka, kama walivyotoka kwa miaka kumi na moja. Walitoka na ndoo, na madumu, na mabeseni. Wakaanza kuteremka mbio kuelekea bondeni, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kwenye foleni.

"Walikuwa wanapishana na mimi," anasema. "Mimi napanda, wao wanashuka. Na wananiambia asante. 'Asante Mama Brightson! Ubarikiwe Mama Brightson!' Mtu anakimbilia kifo chake, na ananishukuru."

Alirudi nyuma, akawapita, akasimama katikati ya njia na kutanua mikono. Akampokonya mmoja ndoo na kuitupa uani kwa watu. Akamshika mwingine gauni. Alijaribu kusema, na kila neno lililomtoka lilikuwa lilelile: maji, maji, maji.

Vaileth, mshonaji wa nguo mwenye cherehani barazani kwake, alikuwa miongoni mwa waliosimamishwa. Anasimulia akijionea haya.

"Mie nilimwambia, 'Mama Brightson, acha upendeleo bwana, na sie tuna shida ya maji!' Nilijua anatuzuia ili watu wake wachote kwanza. Kuna dada nyuma yangu akasema huyu mama kachanganyikiwa, mpelekeni kwa watu wake. Ndiyo nikanyanyua macho kumpita begani. Kioski sikukiona. Niliona paa lake tu."

Kwa kukisia kwa wakazi, haikupita dakika tano tangu mgomba utokee mpaka maji yakafika kimo cha kifua pale ambapo foleni ingekuwa imesimama. Watu kumi na wawili walikuwa njiani na ndoo. Kumi na mmoja walisimama mbele ya mikono ya Filomena.

Wa kumi na mbili alikuwa Bi Wahiba.

Bi Wahiba ana miaka sitini na minane. Ana duka la vyakula juu kabisa ya mlima, duka aliloachiwa na marehemu mumewe, ambaye wazee wake walikuwa wafanyabiashara wa siku nyingi wa asili ya Kiarabu. Miaka yote hiyo hakuwahi kukosa kumteremshia Filomena chai ya iliki kwenye chupa saa nne, na vitumbua viwili vilivyofunikwa kawa. Asubuhi ile hakupita njia kubwa. Alipita kichochoro cha nyuma ya nyumba, njia ya mkato, kwa sababu magoti yake hayapendi kusukumana.

Alikuwa ameshafika kioskini. Alikuwa ameinama anaweka ndoo yake chini ya bomba, akishangaa mbona halitoki kitu.

"Nilisikia baridi miguuni," anasema Bi Wahiba mwenyewe. "Nikasema alaa, huyu Filomena kaacha bomba wazi. Kuinua kichwa, nimeshabebwa. Nikakumbatia nguzo. Nikasoma shahada yangu, nikakaa tayari."

Juu, watu walimwona. Wanaume wawili walianza kuvua mashati ili waingie. Gibson aliwazuia kwa matusi ambayo leo hataki yaandikwe. Waya wa umeme ulikuwa umelegea karibu na kioski, na yeye kwa kazi yake alijua kilichoweza kuwa ndani ya maji yale. Alikimbia kuzima swichi kubwa ya nyumba zilizochukua umeme kwenye waya ule, akapiga simu ya dharura ili laini nzima ikatwe, akasimama kati ya watu na maji.

"Niliwaambia, mkiingia tutawatafuta na nyie. Maji yale yanakimbia, yana mawe, yana mabati. Yakikufika gotini tu yanakulaza. Hapa hakuna shujaa, hapa kuna kamba."

Kamba haikuwepo. Kulikuwa na khanga. Wanawake walizivua mabegani na viunoni, Vaileth akazifunga ncha kwa ncha kwa mafundo ya kishonaji, akazikunja mara mbili kila moja ili zisichanike. Zilifika kumi na saba. Mwisho wake wakafunga dumu tupu lililozibwa kifuniko barabara, la njano, la lita ishirini. Wakapanda nalo juu kidogo ya kioski, wakaliachia maji yenyewe yalipeleke.

Mara mbili dumu lilimpita. Mara ya tatu lilimgonga begani, akaiachia nguzo na kulikumbatia. Watu walivuta wakiwa wamekaa chini, visigino vimekita kwenye udongo. Alitoka amevunjika mkono wa kushoto, kiatu kimoja hakipo. Neno lake la kwanza, wanasema wote waliokuwepo, lilikuwa: "Khanga zenu zimechafuka."

Filomena hakuwa miongoni mwa waliovuta. Alikuwa amekaa chini katikati ya njia, akizitazama ndoo zilizotapakaa.

Kwa wiki tatu hakutoka ndani. Kioski kilikuwa kimebaki nguzo na bomba. Mwanawe Brightson, dereva wa lori mkoani Mbeya, alipopiga simu alielezwa jambo moja tu. "Nilikuwa nimemwita Bi Wahiba," anasema Filomena. "Si mafuriko yaliyomwita kule chini. Ni mimi. Kwa sauti hii hii."

Aliyemtoa ndani ni huyohuyo Bi Wahiba. Alishuka polepole, mkono ukiwa na bandeji ngumu, chupa ya chai ikiwa kwenye mkono mzima. Akakaa kizingitini bila kukaribishwa.

"Shikamoo," alisema Filomena kwa sauti ya chini, hakumwangalia.

"Marahaba. Umesusa nini?"

"Nilikuita ufe, Bi Wahiba."

"Uliniita nipone, mie ndiye nilisikia ndoo. Mwanamke, mimi nilishuka kwa sababu nakuamini. Sasa unataka nianze kumwamini nani, uzeeni huku?"

Wakanywa chai. Kikombe kilikuwa kimoja, wakapokezana.

Tangu siku ile mtaa una utaratibu wake, na ni Filomena aliyeudai. Neno "maji" halipigiwi kelele kabisa. Bomba likitoka, linagongwa dumu. Kijito kikija, anaita neno moja tu: "Pandeni!" Hakuna kueleza, hakuna kuuliza. Unaacha ndoo, unamshika mzee au mtoto aliye karibu, unapanda mpaka dukani kwa Bi Wahiba.

Zoezi la kwanza lilikuwa la aibu. Filomena aliita "Pandeni!" na wanawake watatu wakashuka na ndoo. "Tulisikia sauti yako tu, Mama Brightson," walijitetea. "Sauti yako si maji?" Zoezi la pili alishuka mmoja. La nne hakushuka mtu.

Siku hizi Filomena hatazami wingu lililo juu ya kichwa chake. Anatazama vilima. Kukiwa na giza huko, hata kama bondeni kuna jua, anafunga bomba na kuwarudisha watu na ndoo tupu, na wanaolalamika anawaacha walalamike. Radi ikianza, hamruhusu mtu kusimama kioskini penye bati na bomba la chuma, wala chini ya mwarobaini uliopo jirani. Masika ya mwaka jana kijito kilikuja mara mbili. Mara zote mbili pale bondeni hapakuwa na mtu.

Lakini yeye haridhiki. "Dumu linasikika karibu tu," anasema. "Na mgeni aliyehamia jana hajui Pandeni ni nini. Akisikia maji, atafanya kama walivyofanya wenzake. Atashuka."

Ndiyo maana kila Jumamosi, baada ya kufunga bomba, anachukua jembe. Bi Wahiba ametoa pembe ya kiwanja chake, pembeni mwa duka, ili kioski kihamie juu. Mtaa umeruhusiwa na mamlaka ya maji kuvuta bomba mpaka huko. Mtaro una urefu wa mita themanini na tano, wakazi wanauchimba kwa mikono, na wameshafika mita hamsini na mbili. Gibson anachimba. Vaileth anachimba huku analalamikia mgongo. Bi Wahiba hachimbi, anapitisha chai na kuwaambia wamepindisha mtaro.

Jumamosi iliyopita Filomena alisimama ndani ya mtaro, udongo ukiwa umemfika magotini, akaonesha kwa mpini wa jembe njia nzima kutoka bondeni hadi dukani.

"Siku bomba likitoka pale juu, nitaita," alisema. "Nitaita kama zamani, maji yamekuja, mpaka sauti inikauke. Yawe ya bomba, yawe ya mto, sitachagua neno tena. Anayetaka kuchota atakimbilia juu. Anayetaka kupona atakimbilia juu."

Akatema mate viganjani, akaendelea kuchimba.