Habari Nzuri za Vyoo

Jumatatu nilikuwa kwenye kaunta ya sekondari moja huku ughaibuni, La Rochelle, nikisubiri fomu. Pembeni yangu alisimama mama wa Tanga na bintiye anayesoma uandishi wa habari. Binti kaandika kwenye gazeti la shule kwamba vyoo havina maji tangu muhula uanze. Mwalimu wa nidhamu kalikunja gazeti kama anayewinda nzi: "Tumewafundisha waandike habari. Nzuri!"

Mama akamgeukia binti kwa Kiswahili: "Sikukufunza? Ukiulizwa habari, jibu nzuri!"

"Mama, ile ni salamu."

Eish! Somo wanalifundisha wenyewe, na aliyelielewa ndiye anayeitiwa mzazi.

Nikaomba kwenda chooni. Mwalimu akanipa ufunguo, na ndoo ya maji.

"Nipishe, dada," nikamwambia yule mama.

"Kumbe Mswahili! Habari, kaka?"

Ndoo mkononi, nikajibu, "Nzuri."