Nchi Mpya Baada ya Maji

Mwaka ule mto ulipofunika mashamba yetu ya mpunga, mhubiri mgeni alituambia sisi Wakristo wachache wa Ikwiriri kwamba mafuriko yale ni dalili ya mwisho. Mdogo wangu wa kiume akamwamini. Wazazi wetu walikuwa wameshafariki, na mimi ndiye niliyewalea yeye na wadogo zetu wawili tangu nilipoacha shule darasa la tano.

Maji yalipopungua ilibidi tupande mlao, yaani mahindi na kunde zinazopandwa kwenye tope la mafuriko. Tope hilo halisubiri. Likishakauka kwa jua, mbegu haioti, na sisi hatukuwa na chakula kingine cha mwaka. Mdogo wangu aliketi barazani na Biblia.

"Dada, Mungu ameahidi nchi mpya. Hii ya zamani unamlimia nani?"

"Nakulimia wewe. Jana umekula sahani mbili."

Nikaichukua Biblia, nikasoma mahali pale penye ahadi ya nchi mpya, polepole, kwa kidole. Nikamwambia ninavyoelewa: kila mafuriko yakiondoka tunakuta shamba jipya, mipaka imefutika, lakini ni palepale alipolima mama. Nadhani Mungu atafanya hivyo na dunia.

"Mhubiri hakusema hivyo."

"Mhubiri hajawahi kupanda mlao."

Hakukubali, na mpaka leo hatujakubaliana. Lakini nilipomwambia kwamba peke yangu sitamaliza, aliinuka, akaja kutoboa mashimo mpaka adhuhuri, huku akinibishia.